Mtamba na Nyasi za Mvua ya Kwanza

Ndugu msomaji, kama watoka huku kwetu Nandi, au ng'ambo ya pili kule Uasin Gishu, huna haja ya kuelezwa jinsi mwezi wa Machi unavyokuwa. Tangu Disemba jua limekuwa kali. Malisho yamekauka yakawa na rangi ya mkeka mkuukuu. Mabua ya mahindi yaliyorundikwa nyuma ya zizi baada ya mavuno yamebaki kidogo tu, na nyasi kavu za kununua zimepanda bei kwa sababu kila mtu anazitafuta. Kisha alasiri moja mawingu yanakusanyika, radi inanguruma, na mvua inateremka. Baada ya juma moja nchi nzima imevaa kijani. Ng'ombe wanasikia harufu ile, wanalia zizini na kusukuma lango.

Basi swali la makala haya ni hili: wale mitamba wadogo wa gredi, ambao wamelishwa zizini kiangazi chote, watolewe malishoni siku hiyo au wangoje? Wazee wengi watakwambia, "Mtoe, nyasi si hizo zimekuja?" Mimi nasema wangoje, na nitajaribu kueleza kwa nini, na wakitolewa watolewe namna gani. Haya sikuyatunga kichwani mwangu. Mengine nimeyapata katika somo la Kilimo, mengine kwa daktari wa mifugo anayezunguka kijijini kwetu kwa pikipiki, na mengine kwa nyanya yangu, ambaye hakwenda shule lakini ng'ombe anamjua kuanzia pembe hadi kwato.

Tena somo lenyewe linatuhusu sisi wanafunzi kuliko linavyowahusu wazazi. Hebu fikiria. Mvua ndefu huanza huku mwishoni mwa Machi au mapema Aprili. Wakati huo huo shule zinafungwa, na baba na mama wako shambani kutwa wakipanda mahindi kabla udongo haujalowa kupita kiasi. Anayebaki na fimbo mkononi nyuma ya mitamba ni nani? Ni mimi na wewe. Mtamba akifura tumbo saa nne asubuhi, mtu mzima hayuko karibu. Ni wewe peke yako na daftari lako la mazoezi ya likizo.

Neno mtamba lenyewe huenda likawachanganya wenzetu wa mjini. Ndama ni mtoto wa ng'ombe, awe dume au jike. Mtamba ni jike ambaye ameshaacha kunyonya na kukua lakini bado hajazaa. Kwa hiyo hana maziwa ya kutoa, na ndiyo maana katika boma nyingi yeye hupewa chakula cha mwisho, kile kilichobaki baada ya ng'ombe wa maziwa kushiba. Hili ni kosa ambalo hulipiwa polepole, na nitalirudia mbele kidogo kwa hesabu.

Ng'ombe hawa wa gredi asili yao si hapa. Friesian alitoka Uholanzi na kaskazini mwa Ujerumani, Ayrshire alitoka Uskoti, na Jersey alitoka kisiwa cha Jersey. Huko kwao kuna majira ya baridi ambapo nyasi hazioti, kwa hiyo ng'ombe wengi hufungiwa ndani miezi kadhaa wakila nyasi kavu na nyasi zilizovundikwa. Majira ya kuchipua yakifika, mlango unafunguliwa. Kule Uswidi watu wa mjini huenda na watoto wao kutazama siku hiyo, maana ng'ombe wakubwa wazima wanaruka ruka kama wana-mbuzi! Wafugaji wa huko wanajua kwamba siku za kwanza za nyasi mbichi zina hatari zake. Sisi hatuna theluji, lakini ukiangalia vizuri utaona kiangazi ndicho majira yetu ya baridi, na masika ndiyo majira yetu ya kuchipua. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Kwao mlango hufunguliwa na joto. Kwetu hufunguliwa na mvua, na mvua haileti nyasi peke yake. Inaleta pia kupe na minyoo na matope.

Sasa tuingie tumboni. Ng'ombe ana tumbo lenye sehemu nne. Ndama akizaliwa, sehemu inayofanya kazi ni ile ya nne. Maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji mdogo na kuteremka moja kwa moja mpaka huko bila kuingia tumbo la kwanza, ambalo wataalamu huliita rumeni. Rumeni ya ndama mchanga ni kama mfuko mtupu. Inakua kadiri anavyoanza kula nafaka na nyasi. Ndani yake wanaishi bakteria na vijidudu vingine visivyohesabika, na hao ndio hasa wanaomeng'enya nyasi. Nyanya yangu nilipomweleza hili alicheka, akasema, "Kumbe ng'ombe naye anafuga!" Ndivyo. Ng'ombe anafuga vijidudu, na sisi tunamfuga yeye.

Lakini vijidudu hivyo ni vya aina nyingi, na kila aina ina chakula chake. Vilivyozoea mabua makavu ya mahindi si vile vinavyoshughulikia majani laini yaliyojaa maji. Ukibadilisha chakula ghafla, walioko wanapungua kabla wale wanaotakiwa hawajaongezeka. Huchukua kama wiki mbili hadi tatu jeshi hilo kujipanga upya. Katika siku hizo mtamba anaweza kula akashiba na bado akakonda. Utamjua kwa kinyesi. Kinyesi cha ng'ombe mwenye tumbo zuri kikianguka hutulia kama chapati nene. Kikitoka kama uji na kumchafua mkia mpaka magotini, jua kwamba chakula kinampita tu.

Jambo la pili ni maji, na hapa naomba wale wanaochukia Hisabati wavumilie. Tuseme una mtamba wa kilo 150, yaani Friesian wa miezi sita au saba hivi. Kwa siku anahitaji karibu kilo 4 za chakula kikavu, maana yake chakula ukishaondoa maji yote. Nyasi changa za juma la pili la mvua zaweza kuwa na maji asilimia 85. Katika kila kilo 10 anazokula, kilo 8 na nusu ni maji matupu! Ili apate kilo zake 4 lazima ale karibu kilo 27 za nyasi mbichi. Ukingoja mpaka nyasi zikomae kidogo, maji yapungue yawe asilimia 75, kilo 16 zinamtosha. Na akila nyasi kavu zilizokaushwa vizuri, hata kilo 5 hazifiki. Je, tumbo la mtamba wa miezi saba litabeba kilo 27 kwa siku, tena za majani mafupi ambayo kila akiuma anapata kidogo mno? Haliwezi. Anatembea kutwa akifuata kijani, anarudi jioni tumbo limejaa maji, na watu wanasema, "Tazama alivyoshiba." Sijui ni wangapi kati yetu tumewahi kusifiwa kwa sababu ya ng'ombe mwenye njaa.

Nyasi zenyewe nazo zinaumia. Nyasi ikichipua baada ya kiangazi inatumia akiba iliyojiwekea kwenye mizizi na shina. Majani yakishakuwa marefu ndipo inapoanza kujitengenezea chakula kwa jua na kurudisha akiba. Ukiingiza ng'ombe wakati bado ni fupi, unaikata kabla haijalipa deni, nayo inachipua tena kwa akiba iliyobaki, unaikata tena, mwishowe inakufa na mahali pake panaota magugu. Ndiyo maana malisho ya boma mbili zilizo jirani, zenye udongo mmoja na mvua moja, mwezi wa Juni moja ni zulia na nyingine ni vipara.

Kwa hivyo ni lini? Chukua rula yako ya sentimita 30, hiyo hiyo ya kuchorea jedwali. Nenda malishoni, isimamishe kati ya majani mahali kama kumi tofauti tofauti, si pale penye kinyesi tu ambapo nyasi daima ni ndefu. Kwa nyasi za Kikuyu, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, majani yakifika sentimita 15 au 20 unaweza kuingiza mifugo. Wakishazila zikabaki sentimita 5 hivi, watoe uwapeleke kwingine. Nyasi za Rhodes na setaria husimama wima zaidi, kwa hiyo hizo zingoje hata zaidi na uzikate juu zaidi. (Kwa njia, msomaji, ujue kwamba kuna setaria iitwayo Nandi kwa sababu ilitoka hapa hapa kwetu, na ilichukuliwa ikapandwa mpaka Australia. Sisi twaipita kila siku bila kuisalimu.)

Tuseme sasa siku imefika. Usifungue lango alfajiri. Wape mitamba kwanza chakula kikavu zizini, mabua yaliyokatwakatwa au nyasi kavu, wale mpaka waanze kupunguza mwendo. Ngoja umande ukauke, kama saa tatu na nusu au saa nne. Kisha watoe kwa muda wa saa moja tu na uwarudishe. Siku ya pili vivyo hivyo. Baada ya siku tatu nne ongeza iwe saa mbili, halafu nusu siku, na ukifika wiki ya tatu wanaweza kushinda huko kutwa nzima. Chakula kikavu cha asubuhi usikiondoe ghafla, kipunguze kidogo kidogo. Maji safi na chumvi ya mifugo viwepo siku zote, maana nyasi hizo za maji haziwapi madini ya kutosha. Wale ndama walio chini ya miezi minne hivi, ambao rumeni yao bado ni changa, waache zizini kabisa.

Najua wengine wetu hatuna shamba la kugawa vipande. Nyumbani kwa rafiki yangu mmoja wana ekari moja, na nusu yake ni mahindi. Mitamba wao hufungwa kamba kando ya njia. Hata hivyo kamba ni ua pia. Ukihamisha kigingi kila baada ya saa chache, na usikirudishe pale pale mpaka wiki tatu nne zipite, umegawa malisho bila kununua hata mita moja ya seng'enge. Ubaya wa kamba ni kwamba mtamba hawezi kuchagua kivuli wala kukimbilia maji, kwa hiyo ni lazima wewe umfikirie.

Sasa kuhusu kufura tumbo, ambako ndiko kunakoua haraka. Katika malisho yetu kuna mmea mdogo wenye majani matatu matatu na maua meupe, jamii ya maharagwe, uitwao klova. Ni chakula kizuri mno, una protini nyingi. Lakini mtamba mwenye njaa akiula mwingi ukiwa laini na umelowa, rumeni yake hujaa povu. Kwa kawaida ng'ombe hucheua na kutoa gesi mdomoni mchana kutwa. Povu likijaa, gesi inanaswa ndani yake kama ilivyo kwenye povu la sabuni, haiwezi kutoka. Tumbo linavimba, na dalili ya kwanza ni upande wa kushoto, pale penye shimo kati ya mbavu za mwisho na nyonga. Shimo lile linajaa, kisha linatokeza kama mpira. Mnyama anaacha kula, anapiga tumbo lake kwa mguu, anahema ulimi ukiwa nje. Kutoka hapo mpaka kifo zaweza kuwa saa chache tu, kwani tumbo linabana mapafu.

Ufanye nini? Kwanza tuma mtu amwite daktari wa mifugo, usingoje uone kama atapona. Wakati unamngoja, watoe wengine wote kwenye klova. Msimamishe mgonjwa miguu ya mbele ikiwa juu kilimani, mtembeze polepole, wala usimwache alale. Mafuta ya kupikia yanavunja povu. Kikombe kimoja kwa mtamba mdogo, umnyweshe taratibu kwa chupa kando ya mdomo bila kumwinua kichwa sana, yasije yakaingia mapafuni. Kuna watu hutumia mafuta ya taa. Wacha kabisa, hayo ni sumu. Na kutoboa tumbo kwa kisu ni kazi ya aliyefunzwa, hata kama umeona mjomba akifanya.

Jirani yetu mmoja alipoteza mtamba kwa njia hii, juma la pili la mvua. Alikuwa amemnunua kwa pesa za mahindi ya mwaka mzima. Hakuwa mvivu wala mjinga, nyasi kavu zilikuwa zimemwishia na hakuwa na za kununulia nyingine. Watoto walikuwa wamefurahi kwamba hatimaye hawatabeba mabua kichwani. Kufika saa sita mchana mnyama alikuwa amelala, na jioni watu wakaja kutoa pole kama wajavyo kwenye msiba. Binti yao mkubwa alikuwa afungue muhula wa pili kwa maziwa ya mamaye mtamba huyo na aendelee mpaka kidato cha nne kwa maziwa ya mtamba mwenyewe. Ndiyo hesabu waliyokuwa wameipanga. Alichelewa kurudi shuleni majuma matano.

Minyoo haina haraka kama povu, ila inakula mfukoni. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi. Wakati wa kiangazi jua huviua vijiminyoo vingi vilivyo kwenye nyasi, lakini mvua ikija mayai huanguliwa, na vijiminyoo hupanda majani kwa unyevu vikingoja kuliwa. Vingi hukaa chini, sentimita chache tu kutoka ardhini. Umeona sasa? Mtamba anayelazimishwa kula nyasi fupi anakula hapo hapo palipo na minyoo. Ng'ombe mkubwa ameshaumwa miaka mingi na mwili wake umejifunza kupigana, lakini mtamba huu ni msimu wake wa kwanza. Kwa sababu hiyo mitamba watangulie kuingia kwenye kipande kipya, wachume majani ya juu, na ng'ombe wakubwa wafuate nyuma. Katika boma nyingi sisi hufanya kinyume. Dawa ya minyoo itolewe mvua zinapoanza, kwa kipimo cha uzito, na ya kurudia afuatwe mtaalamu. Kukadiria uzito kwa macho ni kubahatisha. Duka la dawa za mifugo huuza utepe wa kupima kifua ambao unasoma kilo. Na palipo na bwawa au kinamasi wasinywe humo wala kulisha ukingoni, kwani konokono wa huko hueneza minyoo ya maini.

Nimewaweka kupe mwisho kwa sababu huku kwetu hao ndio wakubwa wa maadui. Kupe wa kahawia wa sikioni ndiye anayeeneza ndigana kali, ule ugonjwa ambao Wazungu waliuita homa ya Pwani ya Mashariki. Anaongezeka sana mvua zinapoanza, na ng'ombe wa gredi hawana kinga kama wale wa kienyeji. Kupe huyu katika maisha yake huhitaji wanyama watatu: anamnyonya mmoja akiwa mdogo kabisa, anaanguka na kubadilika, anamnyonya wa pili, anaanguka tena, kisha wa tatu akiwa mkubwa. Akinyonya ng'ombe mwenye vijidudu vya ndigana, atavipeleka kwa yule anayefuata.

Kuna jambo hapa ambalo liliponielea nilifurahi. Kupe akimshika mtamba, hamwambukizi papo hapo. Vijidudu vilivyo kwenye mate yake vinahitaji siku tatu hivi au zaidi za kunyonya ndipo vikomae. Ndiyo sababu ya kuogesha mifugo mara mbili kwa wiki wakati wa mvua: kumkamata kupe kabla hajamaliza siku zake. Anayeogesha mara moja baada ya wiki mbili anatumia pesa za dawa na bado anampa kupe nafasi yote anayoihitaji. Zamani kulikuwa na majosho ya umma, lakini mengi yaliachwa kuanzia miaka ya 1990 serikali ilipopunguza huduma hizo, na leo wengi wetu hunyunyiza nyumbani kwa pampu ya mkono. Ukinyunyiza, usinyunyize mgongo tu kama anayemwagilia maua. Ndani ya masikio, chini ya mkia, kwapani na pale kiwele kitakapokuwa, ndiko kupe wanakojificha. Na dawa ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikiwa hafifu, kupe wanaizoea.

Dalili za ndigana huanza wiki moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, kwa hiyo mtamba aliyeumwa wakati wa likizo anaweza kuugua sisi tukiwa darasani. Tezi ya chini ya sikio huvimba, na ile iliyo mbele ya bega. Homa inapanda kupita nyuzi 40. Baadaye anahema kwa shida na povu linatoka puani, na akifika hapo nafasi ya kumwokoa ni ndogo. Dawa ipo, ila yafaa itolewe mapema sana na ni ghali. Ipo pia chanjo, iliyotokana na utafiti uliofanywa Muguga karibu na Nairobi miaka ya 1970. Ni mchanganyiko wa aina tatu za vijidudu hivyo hivyo vikiwa hai, mnyama anachomwa pamoja na dawa ya kuvizuia visimwangushe. Huchanjwa mara moja tu. Bei yake huwafanya wengi wasite, nami siwalaumu, ila hesabu ifanywe kwa kulinganisha na bei ya mtamba na si kwa kulinganisha na bei ya sukari.

Niliahidi kurudi kwenye hesabu. Friesian huzaliwa na kilo 40 hivi, na anafaa kupandishwa akifikia karibu kilo 300. Anatakiwa kuongeza kilo 260. Akiongeza nusu kilo kwa siku, zitakuwa siku 520, yaani miezi 17. Ongeza miezi 9 ya mimba, atazaa akiwa na miezi 26. Sasa chukua mtamba mwingine ambaye kila masika anaharisha, ana minyoo, anapewa mabaki, na kwa wastani anaongeza gramu 300 tu. Huyo atahitaji siku 867, karibu miezi 29, na atazaa akiwa na miezi 38. Wote wawili wako hai, wote wana mikia na pembe, lakini mmoja amewanyima wenye boma maziwa ya mwaka mzima. Hakuna anayekuja kutoa pole kwa hasara hiyo kwa sababu haionekani.

Baba aliposikia hesabu hii aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na nyasi kavu za wiki tatu za kungojea utazitoa wapi?" Ni swali la haki. Kungoja kunagharimu, na ndiyo sababu hasa watu hufungua lango mapema, si kwamba hawajui. Jibu tulilopata pamoja ni kwamba wiki hizo tatu hutafutwa Novemba, siyo Aprili. Nyasi za mwisho wa mvua, ambazo huwa tunaziacha zikauke zimesimama na kukanyagwa, zinaweza kufyekwa na kukaushwa siku mbili tatu juani zikiwa bado na majani, kisha zihifadhiwe chini ya paa. Mabua nayo yafunikwe, maana yakinyeshewa yanaota ukungu. Mwaka huu tumetenga kona moja ya ghala kwa ajili ya mitamba peke yao na hatuigusi mpaka mvua ya kwanza inyeshe, hata ng'ombe wa maziwa wakilia namna gani. Mama ndiye mwenye ufunguo.

Kwa wenzangu wa shule ya kutwa, bado kuna wiki za mwisho za mazoezi hayo zinazoangukia muhula wa pili ukishafunguliwa. Mimi hutoa nyasi kavu saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuoga. Ndugu yangu mdogo, ambaye shule yake iko karibu, hukagua mfereji wa maji. Nyanya ndiye huwafungulia lango umande ukikauka, maana saa hiyo sisi tuko kwenye kipindi cha pili. Jioni nikirudi, kabla sijavua sare, hupitisha vidole ndani ya masikio yao mmoja mmoja, kisha huwatazama ubavu wa kushoto. Wa tatu, yule mwekundu, hapendi kushikwa masikio, hivyo huanza naye.